Namna ya Kusoma Shairi

Watoto wapenzi, katika kitabu hiki mmekwisha kusoma hadithi, barua, na maelezo juu ya wanyama na mimea. Leo tutasoma shairi.

Wengine kati yenu wakiona shairi hugeuza ukurasa upesi. Husema: "Mistari ni mifupi, maneno ni magumu, tena hakuna hadithi." Hao wanafanana na mtu aliyepewa muhindi wenye maganda yake, akautupa kwa sababu hakuona punje. Punje zimo ndani. Shairi nalo lataka kumenywa. Katika somo hili tutalimenya pamoja, ganda moja moja, hata tufike kwenye punje.

1. SHAIRI SI JAMBO GENI KWENU

Kabla hamjajua kusoma, mama zenu waliwaimbia mpate kulala. Hamkujua maneno yote, lakini mlitulia. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika huimba wakivuta makasia, na makasia yote huingia majini mara moja. Wanawake wakitwanga, mchi hupiga kinuni, na wimbo huufuata mchi. Mchi ukienda polepole, wimbo waenda polepole. Mchi ukiharakisha, wimbo nao waharakisha.

Basi huko ndiko shairi linakotoka. Shairi ni maneno yanayokwenda kwa kipimo, kama mguu wa mchezaji unavyofuata ngoma. Kwa hiyo kumbukeni neno hili la kwanza: shairi limetungwa kwa ajili ya sikio, kisha kwa ajili ya macho. Mtu anayesoma shairi kwa macho tu, midomo imefungwa, anafanana na mtu anayetazama ngoma bila kuisikia.

2. SHAIRI LETU

Shairi hili limetungwa kwa ajili ya somo hili. Mmoja wenu asimame, alisome kwa sauti, asiharakishe. Katikati ya kila mstari apumzike kidogo. Wengine wafunge vitabu, wasikilize tu.

JEMBE LA MAMA

Jembe liko ukutani, pembeni limeegama,
Mvua yaja bondeni, na majirani walima,
Kutu yala makalini, mpini wanitazama,
Jembe la mama mpenzi, kesho tutaenda sote.

Nashika mpini wake, wang'ara kwa kushikika,
Mahali pa gumba lake, shimo dogo laoneka,
Hata leo joto lake, mtini halijatoka,
Jembe la mama mpenzi, kesho tutaenda sote.

Wadogo wangu watatu, jioni wataka kula,
Ghalani hakuna kitu, ila panya wanalala,
Sisemi neno kwa watu, chozi haliwi chakula,
Jembe la mama mpenzi, kesho tutaenda sote.

Sasa mwingine alisome mara ya pili. Mara hii fungueni vitabu, mfuate kwa kidole.

3. KUSOMA KWA SIKIO

Mmesikia nini? Mmesikia kwamba kila mstari una urefu uleule, na kwamba sauti fulani zinarudi mahali palepale. Tuangalie mambo hayo mawili.

Jambo la kwanza ni mizani, ndicho kipimo cha mstari. Pigeni makofi, kofi moja kwa kila sauti:

Je-mbe-li-ko-u-ku-ta-ni. Makofi 8.
Pe-mbe-ni-li-me-e-ga-ma. Makofi 8.

Vipande viwili vya mstari vina mizani 8 na 8, jumla 16. Jaribuni mistari mingine, mtaona ni vivyo hivyo. Lakini angalieni: neno "mpini" lina mizani 3, siyo 2. Herufi m inasimama peke yake: m-pi-ni. Vivyo hivyo "mvua" ni m-vu-a, na "mti" ni m-ti. Mtunzi akisahau jambo hilo, mstari wake utachechemea kama mbuzi aliyeumia mguu.

Tufanye jaribio. Badala ya mstari wa kwanza, someni hivi: "Jembe liko katika pembe ya nyumba yetu, nalo limeegama ukutani." Maana ni ileile. Lakini je, sikio lenu limefurahi? Hapana, limejikwaa. Hayo ni maelezo mazuri, lakini si shairi.

Jambo la pili ni vina. Vina ni sauti zinazofanana mwishoni mwa vipande. Katika sehemu ya kwanza ya shairi letu, vipande vya kwanza vinaisha kwa ni: ukutani, bondeni, makalini. Vipande vya pili vinaisha kwa ma: limeegama, walima, wanitazama. Katika sehemu ya pili, vina ni ke na ka. Katika sehemu ya tatu, tafuteni ninyi wenyewe.

Sehemu moja ya shairi, yenye mistari minne, inaitwa ubeti. Zikiwa nyingi, twasema beti. Shairi letu lina beti 3. Mstari wa nne unarudi mwishoni mwa kila ubeti bila kubadilika. Mstari wa namna hiyo unaitwa kibwagizo. Zamani mmoja aliimba beti, na watu wote walikipokea kibwagizo pamoja. Nanyi mwaweza kufanya hivyo darasani.

4. KUSOMA KWA AKILI

Sikio limekwisha kula sehemu yake. Sasa ni zamu ya akili.

Kwanza tufahamu maneno. "Kuegama" ni kuegemea kitu bila kusimama wima. "Kutu" ni ile rangi nyekundu inayokula chuma kilichoachwa bila kazi. "Makali" ni sehemu ya jembe inayokata udongo. "Gumba" ni kidole kile kinene cha mkono. "Laoneka" ni sawasawa na "laonekana", ila mtunzi amelifupisha neno ili mizani itimie. Watunzi wana ruhusa ya kufanya hivyo, mradi tusikose kulifahamu neno.

Maneno yakiisha kufahamika, ulizeni maulizo manne. Yaandikeni katika daftari zenu, maana yatawafaa kwa mashairi yote mtakayosoma.

Ulizo la kwanza: Nani anasema? Hapa anasema mtoto. Tunajuaje? Anasema "mama" na "wadogo wangu watatu". Yeye basi ni mkubwa wa wale watatu.

Ulizo la pili: Anasema na nani? Hasemi na mtu. Anasema na jembe. Katika ubeti wa tatu anasema wazi: "Sisemi neno kwa watu." Siri yake anaiambia chuma na mti.

Ulizo la tatu: Ni wakati gani? Mvua inakuja na majirani wanalima. Basi ni mwanzo wa kulima, wakati ambao hakuna jembe linalostahili kukaa nyumbani.

Ulizo la nne ndilo kubwa kuliko yote: Ni neno gani ambalo mtunzi hakulisema?

Someni tena polepole. Majirani wote wako shambani, lakini jembe la mama limeegama pembeni. Limekaa siku nyingi, kwa maana kutu imekwisha kuanza. Mpini umeng'ara kwa kushikwa miaka mingi, hata gumba limeacha shimo katika mti. Mama huyu hakuwa mvivu. Wadogo wanataka kula, lakini hawamwendei mama, wanamwendea ndugu yao. Ghala ni tupu. Mama yuko wapi?

Mama amekufa.

Tafuteni neno hilo katika shairi zima, hamtaliona. Hakuna neno "kufa", wala "kaburi", wala "msiba". Hata hivyo sasa mnajua hakika. Mtunzi hakutuambia. Alituonyesha jembe, akatuacha tuone wenyewe.

5. KUSOMA KWA MOYO

Kwa nini mtunzi alificha neno kubwa namna hiyo? Angaliweza kuandika: "Mama yangu amekufa, nina huzuni nyingi." Maneno hayo ni ya kweli. Lakini watu wengi wameyasema, na sikio limeyazoea, nasi tunayasikia na kupita. Jembe je? Kila mmoja wenu ameona jembe la mama yake. Ameona mpini ulivyolainika mahali pa mkono. Kwa hiyo tukisoma juu ya shimo dogo la gumba, mioyo yetu yashituka. Huzuni haionekani kwa macho, wala haishikiki. Mtunzi ametafuta kitu kinachoonekana na kushikika, akaiweka huzuni ndani yake, kama tunavyoweka maji mtungini tupate kuyachukua.

Sasa kitazameni kibwagizo: "Jembe la mama mpenzi, kesho tutaenda sote." Mara ya kwanza tulidhani ni maneno ya mchezo tu, mtoto anasema na jembe kama msichana anavyosema na mtoto wake wa matope. Mara ya pili tulisikia huzuni, kwa maana mtoto anatafuta joto la mkono wa mama katika mti. Mara ya tatu tunasikia nini? Tunasikia mtu anayekata shauri. Wadogo wana njaa, chozi haliwi chakula, basi kesho nitalima. Mtoto huyo amekuwa mkubwa kwa usiku mmoja. Maneno ya kibwagizo hayakubadilika hata moja, lakini kila yanaporudi yana uzito mpya.

Labda katika darasa lenu yuko mtoto aliyefiwa na mama au baba. Akinyamaza wakati wa somo hili, msimtazame sana, wala msimcheke. Pengine yeye amelifahamu shairi kuliko ninyi nyote.

6. WATU WALIOTUNGA ILI NENO LISIPOTEE

Kiswahili chetu kilifika Kongo kutoka pwani ya mashariki. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilivuka Ziwa Tanganyika, ikafika Kasongo na Nyangwe, karibu na mto Lualaba. Misafara hiyo ilileta nguo na shanga, ikaleta pia msiba mkubwa wa biashara ya watumwa. Lugha nayo ilikuja katika njia hiyo. Lakini huko pwani Kiswahili kilikuwa na mashairi yake tangu zamani, nayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Utenzi mmoja ulioandikwa katika kisiwa cha Pate ni wa mwaka 1728.

Katika kisiwa hichohicho cha Pate, katika nchi ambayo leo ni Kenya, aliishi mwanamke jina lake Mwana Kupona binti Msham. Mume wake alikuwa mtawala wa mji wa Siyu, naye alikufa mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, mwaka 1858, Mwana Kupona mwenyewe alikuwa mgonjwa. Alikuwa na binti kijana, jina lake Mwana Hashima. Mama alijiuliza: nikienda, ni nani atakayemshauri mtoto wangu? Hakuwa na njia ya kubaki naye. Basi alimwita binti yake akae karibu na wino na karatasi, akamtungia utenzi wenye beti 102. Ndani yake aliweka maonyo ya mama: juu ya dini, adabu, maneno mazuri, utunzaji wa nyumba na wa mume, na huruma kwa maskini. Miaka michache baadaye alikufa.

Kwa nini hakusema tu, "Mwanangu, fanya hivi, usifanye vile"? Kwa sababu maneno ya kawaida husahauliwa. Maneno yenye mizani na vina hushikamana, moja hulivuta jingine, kama shanga katika uzi. Katika utenzi kila mstari una mizani 8. Mistari mitatu ya kwanza ya ubeti hufanana vina, na mstari wa nne una kina kimoja kinachorudi toka ubeti wa kwanza hata wa mwisho. Mtoto akisahau neno, kina kitamkumbusha. Hivyo sauti ya mama ilibaki nyumbani baada ya mama kuondoka. Tena ilitoka nyumbani, ikanakiliwa, ikachapwa katika vitabu. Leo zaidi ya miaka 160 imepita, na watu wangali wanausoma utenzi wa Mwana Kupona.

Mtu mwingine ni Shaaban Robert. Alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, akafa mwaka 1962. Alitunga mashairi mengi sana. Mke wake Amina alipokufa, alimtungia shairi la maombolezo, na jina la Amina linasomwa hata leo na watu ambao hawakumwona kamwe.

Msidhani kwamba watu wa pwani peke yao wana mashairi. Baluba wa Kasai wana kasala. Mwenye kujua kasala husimama mbele ya watu, katika sikukuu au katika kilio, akayataja majina ya mtu na ya wazee wake, pamoja na sifa zao na matendo yao. Kasala haihesabiwi mizani 8 na 8, wala haitafuti vina kama shairi la pwani. Ina mwendo wake, na majina yanayorudi, na mifano mingi. Wanaosikia majina ya wafu wao hulia, kisha hupata nguvu. Basi kila kabila lina njia yake ya kupima maneno. Waulizeni wazee wa kwenu.

7. VINA PEKE YAKE HAVITOSHI

Mtoto mmoja atasema: "Sasa najua kutunga. Nitatafuta vina, basi." Asikilize mistari hii:

Kiti changu kina meza, meza yangu ina kiti,
Ninaweza, sitaweza, nina miti, sina miti.

Hesabuni: mizani ni 16 barabara. Vina ni za na ti, havina kosa. Lakini mistari hii inasema nini? Haisemi kitu. Ni mtungi mzuri usio na maji. Mwenye kiu hauhitaji.

Kwa hiyo mkitaka kutunga, anzeni na kitu mnachokijua na kukijali: njia ya kwenda mtoni, kiti cha babu, mvua juu ya mabati, ndugu aliyekwenda kufanya kazi mbali katika migodi. Kitazameni sana kitu hicho. Mkisha kuwa na neno la kusema, ndipo mtafute mizani na vina.

8. MAULIZO NA MAZOEZI

1. Shairi limetungwa kwanza kwa ajili ya nini: macho au sikio? Toa sababu.
2. Taja vina vya ubeti wa tatu.
3. Pigia makofi mstari huu: "Ghalani hakuna kitu, ila panya wanalala." Una mizani mingapi?
4. Tunajuaje kwamba mama huyu alikuwa mtu wa kazi? Onyesha mstari.
5. Mtoto anasema, "Chozi haliwi chakula." Eleza maana kwa maneno yako.
6. Kwa nini Mwana Kupona alimwachia binti yake utenzi?
7. Nyumbani, mwombe mama, nyanya au babu akuimbie wimbo wa zamani wa kazi au wa kumlaza mtoto. Uandike katika daftari, hata kama ni katika lugha ya kwenu. Kesho utausoma mbele ya wenzako.
8. Tunga ubeti mmoja juu ya kitu kimoja cha nyumbani kwenu. Usiseme kama una furaha au huzuni. Kionyeshe kitu chenyewe, wasomaji waone.
9. Jifunze kwa moyo shairi la "Jembe la Mama". Jifunze ubeti mmoja kila siku, kwa sauti, njiani ukienda kuteka maji au ukirudi kutoka masomoni.

Msikose kufanya zoezi la saba. Wazee wanajua nyimbo ambazo hazimo katika kitabu chochote. Mzee akifa kabla hajaulizwa, wimbo huenda pamoja naye. Lakini mtoto mmoja akiuliza, akasikiliza, akaandika, wimbo ule utabaki.